Sikio la Kulia la Panya Kumi na Mbili

Mimi ni mtu wa wivu. Naandika hilo mbele kabisa ili wewe Mumbua mjukuu wangu, na wenzako mliomaliza chuo na kuanza kazi za maabara, msije mkasema mwanamke mzee aliwadanganya. Wengine wakistaafu huandika kwamba waliipenda kazi na kazi ikawapenda. Mimi niliipenda kazi yangu vile mke wa kwanza anavyolipenda jiko lake. Aliyeingia bila kuitwa, nilimhesabia nyayo.

Kazi yenyewe ilikuwa kulea panya. Panya weupe wenye macho mekundu, kwenye kituo kimoja cha utafiti kule upande wa Lukenya, mbele kidogo ya machimbo ya mawe. Masomo yangu ni darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Lakini nilikuwa na ufunguo wa nyumba ya panya, na Daktari mwenyewe, pamoja na digrii zake, alikuwa anabisha mlango.

Tulikuwa tumepanga nyumba Kyumbi wakati huo. Marehemu babu yako alikuwa akiwaambia watu dukani, "Dunia nzima mtu analipwa kuua panya. Wangu analipwa kuwafunika wasishikwe na baridi." Watu wanacheka mpaka wanashika kaunta. Kanisani nako akina mama walikuwa wananipa kazi ya kuosha sufuria, lakini nikikaribia unga ninaambiwa hapana, pumzika. Sikubishana. Jumapili moja nilileta chapati thelathini zimefungwa kwenye kitambaa, nikaziweka mezani na kunyamaza. Zilipoisha ndipo niliposema zimekandwa na nani. Kutoka siku hiyo nikaruhusiwa kukanda.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa usafi. Nililelewa Mitaboni na mama ambaye alikuwa anafagia uwanja mara mbili kwa siku, na nikaenda kwa panya na kichwa hicho. Wiki ya kwanza nikamwaga takataka zote za vizimba, nikaosha kwa sabuni ya kunukia, nikaweka vumbi la mbao jipya, nikasimama mlangoni kujisifu. Kesho yake nikakuta mikia. Mama wanne walikuwa wamekula watoto wao wote, wamebakisha mikia na vipande vya ngozi. Nililia kama nimefiwa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ngila, mtu wa jicho moja, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Aliniangalia nikilia mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Umemhamisha mzazi nyumba ambayo haina harufu yake. Hajui tena kama hao ni watoto wake au ni nyama." Akanionyesha. Ukibadilisha kizimba, chukua konzi moja ya kiota cha zamani, hata kikiwa kichafu, uweke ndani ya kile kipya. Konzi moja tu. Ukitaka kushika watoto, kwanza paka mikono yako hicho kiota. Usijipake mafuta ya kunukia asubuhi. Usimwinue panya kwa ncha ya mkia, ngozi itakuvulia kama soksi. Shika mkia pale unapoanzia. Na kabla hujafungua mlango, piga kelele kidogo ya kuzoeleka. Mimi nilikuwa nakohoa. Kikohozi changu walikijua.

Nilimwonea wivu Mzee Ngila pia. Panya walikuwa wanalala mikononi mwake huku wakiniuma mimi niliyewaletea chakula. Alipostaafu nilimwaga machozi ya kweli, na jioni hiyohiyo nikaenda kujaribu ufunguo wake kwenye kufuli.

Panya mweupe na mwenzake ni kama punje mbili za mchele, kwa hiyo ni lazima uwaweke alama. Daktari alitaka tutumie rangi, lakini panya huilamba ikatoka. Nikamwambia kwetu mbuzi tunamjua kwa sikio. Baba yangu alikuwa na mkato wake wa ukoo: anambana mbuzi katikati ya mapaja, amemwangalia kisogo, anakata sikio la kulia mara moja na la kushoto mara mbili, na mbuzi huyo hata akipotelea sokoni anarudi kwa jina la ukoo. Tukafanya hivyo kwa panya na kikoleo kidogo cha kutoboa. Sikio la kulia tukalifanya makumi, la kushoto mamoja. Kumi na mbili ni tundu moja kulia, mawili kushoto. Ishirini na moja ni mawili kulia, moja kushoto. Daktari akaandika kwenye daftari na akasema ni akili nzuri. Maneno hayo nilitembea nayo mwezi mzima.

Sikumwambia aandike ni kulia kwa nani. Kwangu halikuwa swali. Mkono wa kulia wa mbuzi ni wa mbuzi.

Mtauliza panya hao ni wa nini. Nitawaeleza vile Daktari alinieleza akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kuna protini moja ya mwili wa binadamu inayokaa kwenye utando wa seli kama mtu wa mlangoni. Inapokea ujumbe kutoka nje na kuupitisha ndani: gawanyika. Ikiwa ya kadiri, ni sawa. Ikizidi, seli inasikia gawanyika, gawanyika, bila kupumzika, na hapo mwanamke anagusa titi na kukuta kitu kigumu. Kuna dawa inayowafaa wanawake ambao protini hiyo imezidi, na haiwafai wengine. Kwa hiyo lazima ujue ni yupi na ni yupi. Unakata kipande chembamba cha ule uvimbe, unakiweka kwenye kioo, na unahitaji kitu cha kwenda kuikamata protini hiyo peke yake, kiiache nyingine yoyote, halafu kipakwe rangi ya kahawia tuione.

Kitu hicho hutoka kwa panya. Ukimdunga panya protini ya mtu, damu yake inaona mgeni ameingia bomani, inatengeneza cha kumkamata. Ndiyo kingamwili. Zilikuwa zinaagizwa kutoka ng'ambo, kichupa kama cha dawa ya macho, na mara nyingine kilifika kimekaa juani mpaka hakifai. Daktari alitaka chetu.

Tatizo ni kwamba seli za panya zinazotengeneza kingamwili zinakaa kwenye wengu, na ukizitoa zinakufa upesi. Kwa hiyo watu wa maabara wanaziozesha na seli za kansa ya panya, ambazo hazijui kazi yoyote lakini hazifi. Mtoto wa ndoa hiyo anarithi kazi kwa huyu na uzima kwa huyu. Kisha unatenga seli mojamoja, kila moja inazaa ukoo wake, na kila ukoo unatoa kingamwili ya namna moja tu, haibadiliki hata baada ya miaka. Ukipata ukoo mzuri, umepata. Lakini lazima uanze na panya mzuri.

Tulidunga panya ishirini na wanne. Niliwashika mmoja mmoja, Daktari akatoa tone la damu mkiani, mimi nikisoma masikio na kuita namba. Majibu yalipokuja, panya mmoja tu ndiye damu yake iliikamata ile protini sawasawa. Kumi na mbili. Jike, mwembamba, mwenye hasira, niliyemlea tangu akiwa kama kidole cha mtoto. Wengine walikuwa hafifu au bure kabisa. Nilifurahi kama mtu ambaye mtoto wake amekuwa wa kwanza darasani.

Hapo ndipo Ndunge alipokuja.

Msichana wa Kathiani, diploma ya afya ya wanyama, miezi sita ya majaribio. Alipewa koti jeupe lenye jina mfukoni. Mimi nilikuwa na ovaroli ya bluu isiyo na jina. Alipewa kiti kirefu cha kuzunguka. Mimi nilikuwa na ndoo. Alikuwa anazungumza na Daktari kwa Kiingereza na kucheka, nami nilijua wanacheka juu ya panya, lakini sijui ni panya yupi. Na baya kuliko yote, alikuwa na adabu. Aliniita mwaitu, vile mtu humwita mama yake mzazi kwetu, na asubuhi alikuwa ananiletea uji kwenye chupa. Mtu unayemwonea wivu akikosa adabu, angalau anakupa sababu. Ndunge alininyima hata hiyo. Niliunywa uji, na ulikuwa mzuri, nikazidi kukasirika.

Kumfundisha nilimfundisha, lakini kwa kijiko. Nilimwonyesha chakula na maji. Ile konzi ya kiota sikumwonyesha. Alipokuta mikia kwenye kizimba chake cha kwanza, nilisimama hapo nikatikisa kichwa, nikamwambia wengine mkono wao haukubaliki na panya. Ndiyo, nilisema hivyo.

Halafu Daktari akampa daftari. Akaniambia kwa upole kwamba sasa nipumzike na maandishi, Ndunge atashughulikia sindano, mimi niendelee na vizimba. Maandishi yenyewe hayakuwahi kuwa yangu. Lakini kuna kupumzika kwingine kunafanana na kufukuzwa.

Kabla ya kutoa wengu, panya aliyechaguliwa hudungwa sindano ya mwisho, kisha unahesabu siku tatu. Siku ya sindano Ndunge alifungua kizimba ambacho kumi na mbili na ishirini na moja walikaa pamoja na wengine watatu. Akainua mmoja, akamgeuza wakatazamana uso kwa uso, akaangalia masikio. Moja upande wa mkono wake wa kulia, mawili upande wa kushoto. Chuoni kwao mchoro wa masikio ulichorwa hivyo, panya akikutazama, na kulia ni kwako wewe unayetazama. Mimi nilikuwa nimesimama na gunia la vumbi la mbao, nikiona kisogo cha yule panya. Alikuwa ishirini na moja.

Ndunge hakuwa mjinga. Kitu kilimgusa, kwa sababu alisita na sindano, akanigeukia.

"Ni huyu, mwaitu?"

Nikamwambia, "Wewe ndiye mwenye daftari."

Akamdunga.

Siku tatu nilikuwa na nafasi ya kusema. Siku ya kwanza nilijiambia nitasema kesho. Siku ya pili nilijiambia atagundua mwenyewe, yeye si amesoma. Siku ya tatu walimchukua ishirini na moja, wakatoa wengu, ndoa ikafungwa, na seli zikawekwa kwenye sahani zao ndani ya joto. Mimi nikafagia.

Jioni hiyo nikapewa orodha ya panya hafifu wa kuondolewa, kwa sababu nafasi ilitakiwa. Ishirini na moja alikuwa kwenye orodha. Lakini ishirini na moja alikuwa ameshakufa kwa jina la mwenzake. Aliyebaki kizimbani ni kumi na mbili, hai, akiuma waya. Elewa vizuri hapo. Ningemtia kwenye sanduku la gesi pamoja na wengine, hesabu ingekamilika na hakuna mtu duniani angejua. Ndoa ingekataa, Ndunge angelaumiwa, mimi ningerudishiwa nyumba yangu.

Nilimshika mkia pale unapoanzia, nikamwinua. Sikumwacha kwa wema. Nilimwacha kwa sababu alikuwa wangu, na ndiye pekee kati ya ishirini na wanne aliyenipa sifa. Nikamtia kwenye kizimba cha majike wa kuzaa, pembeni kabisa, nikachanganya kiota chao na chake wasimpige. Nikaenda Kyumbi na kupika ugali.

Wiki mbili zikapita. Sahani zikapimwa, zote bure. Hakuna ukoo hata mmoja uliokamata kitu. Nikiwa nabadilisha maji nje ya mlango nikamsikia Daktari akimwambia Ndunge, kwa Kiswahili safari hii, na bila kicheko, kwamba panya mzuri tulikuwa na mmoja tu, na amepotea bure. Kwamba haelewi alimdunga vipi au alichelewa wapi. Na kwamba miezi yake sita ikiisha hataandika barua ya kumwongeza. Ndunge alisema sawa, Daktari. Kwao yeye ndiye alikuwa anawasomesha wadogo zake wawili. Nilijua, aliwahi kuniambia tukinywa uji.

Nikaona saa yangu imefika. Nikaenda kwenye kizimba cha pembeni, nikamtoa kumi na mbili, nikaingia ofisini bila kubisha, nimembeba kwenye kiganja.

Nikasema, "Daktari, panya wako huyu hapa. Sikumuua."

Daktari akamchukua, akamgeuzageuza, akavaa miwani, akaangalia masikio. Akamwita Ndunge aje aone. Ndunge akamshika kwanza uso kwa uso. Kisha, polepole, akamzungusha akamwangalia kisogo. Nikaona akihesabu kwa midomo. Daktari alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili, ananiambia Mama Kioko umetuokoa, Mama Kioko hata sijui nitakushukuru vipi. Yale yote niliyokuwa nimeyatamani miezi ile nilipewa kwa pumzi moja.

Ndunge akainua macho akaniangalia. Alijua. Alikumbuka gunia la vumbi la mbao, alikumbuka swali lake, alikumbuka jibu langu. Nikangoja aseme. Ningekuwa mimi, ningesema kabla Daktari hajamaliza kunishukuru.

Akasema, "Nilisoma kinyume, Daktari. Kosa ni langu."

Na akanyamaza.

Nimewaambia mimi ni mtu wa wivu. Nilimwonea wivu koti, kiti, Kiingereza na daftari. Lakini hakuna nilichomwonea wivu kama kunyamaza kule. Mimi nilikuwa nimenyamaza siku tatu, na kunyamaza kwangu kulinuka kama kizimba. Kule kwake kulikuwa safi. Nikaona akitoka hapo bila kazi lakini akiwa amenishinda, nami nibaki na sifa ya kuokota panya. Sikuweza kuvumilia. Wengine wataita hiyo dhamiri. Mimi niliyekuwa ndani najua ilikuwa nini.

Nikasema, "Aliniuliza, Daktari. Kabla hajamdunga aliniuliza kama ni huyu. Nilijua si huyu. Nikamwambia yeye ndiye mwenye daftari."

Daktari aliuachilia mkono wangu, kwa mkono wake mmoja, kisha kwa wa pili. Hakupiga kelele. Aliomba ufunguo. Nikautoa kwenye kamba shingoni, nikauweka juu ya meza.

Sikufukuzwa. Nilipelekwa chumba cha kuoshea vyombo vya kioo, na huko ndiko nilikomalizia miaka yangu mpaka kustaafu. Nacho kina elimu yake, Mumbua, usikidharau. Sabuni ikibaki chembe moja kwenye chupa, seli zinakufa, na watu wenye digrii wanatafuta sababu mwezi mzima. Suuza mara saba kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji yaliyochujwa, pindua, usipanguse.

Ndunge akabaki. Kesho yake alikuja kwenye mlango wa chumba changu, akasimama nje.

"Mwaitu, anauma. Nimshike vipi?"

Nikakausha mikono. Nikamwonyesha kwenye kitambaa kilichokunjwa: mkia hapa, ngozi ya shingo hapa, kisogo kikuelekee wewe. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na ile konzi ya kiota. Aliandika yote kwenye daftari. Juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, aliandika: kulia kwa panya.

Kumi na mbili alidungwa, siku tatu zikahesabiwa sawasawa, na ndoa ya safari hiyo ikashika. Kati ya koo zote zilizoota, mmoja ulikamata protini ile na kuacha nyingine zote. Uligandishwa kwenye pipa la baridi linalotoa moshi, na uko humo mpaka leo, unatolewa kidogo na kukuzwa kila kingamwili ikihitajika. Kwenye karatasi iliyochapishwa kuna jina la Daktari na la Ndunge. La kwangu halipo. Nilitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, nikitafuta herufi ninazozijua.

Siku ya kwanza walipoijaribu kwenye kipande cha uvimbe wa mtu, Ndunge alikuja kuniita. Alinivuta kwa mkono uliokuwa na sabuni bado, akanikalisha kwenye kile kiti kirefu cha kuzunguka, akaniwekea macho kwenye hadubini na kuzungusha gurudumu mpaka ukungu ukaondoka. Nikaona. Seli mamia kwa mamia, na kila moja imezungushiwa mstari wa kahawia, kama boma kwa boma la miiba lililokaushwa na jua, ukilitazama kutoka juu ya kilima. Mahali ambapo protini haikuwepo kulikuwa kweupe kabisa. Panya wangu alikuwa amefanya kazi hiyo. Na mkono uliofanya picha ikawa safi haukuwa wangu.

Ndunge aliinama karibu na sikio langu akaniuliza ninaona nini.

Nikamwambia kioo kina alama ya kidole, wakati mwingine akioshe vizuri.

Akakitoa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku, akatafuta kitambaa na kukipangusa taratibu.

Hakikuwa na alama yoyote.